Msiwatafute wenye kazi tu, mtafuteni na aliyelefti grupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee kuhusu hizi tafiti za kuwafuatilia wahitimu wa vyuo vikuu, wako wapi na wanafanya nini baada ya kumaliza. Naona vyuo vingi sasa hivi vinazipanga, vingine kwa sababu Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inazitaka, vingine kwa sababu mitaala inapitiwa upya kwenye ule mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, HEET, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na mtaala mpya huwezi kuuandika kwa kubahatisha wakati waliosoma ule wa zamani wapo na wana ya kukwambia. Nazipenda sana tafiti hizi. Shida ni kwamba zinapangwa kuanzia mwisho, yaani dodoso linaandikwa kwanza, semina inakaliwa, bajeti inapitishwa, alafu ndo mtu anauliza hivi hawa wahitimu tutawapataje? Kwangu mimi hilo ndo swali la kwanza kabisa, maana ukilikosea, hata dodoso liwe zuri namna gani utaambulia majibu ya wenye nafuu peke yao.

Mimi ni mwalimu kwa kusomea, shahada ninayo, na katika kusubiri ajira nimefanya sana vibarua vya udadisi, sensa ya 2022 nilikuwemo, na baadae nikachukuliwa kwenye utafiti wa aina hii hii wa chuo kimoja ambacho sitakitaja. Kwahiyo ninayoandika hapa nimeyaona nikiwa na simu sikioni, sijahadithiwa.

Tulikabidhiwa listi kwenye Ekseli, jina, kozi, mwaka wa kumaliza, imeli, namba ya simu. Ukiiangalia unasema kazi imeisha hii, sasa anza kupiga. Zile namba ndo zile mtu alijaza siku anaomba chuo, ana miaka 19, katoka kijijini, kaenda steshenari ya stendi akaombewa na kijana wa pale, imeli kafunguliwa hapohapo na neno la siri akabaki nalo yule kijana, simu kaandika ya mjomba maana yeye mwenyewe hana. Wengine walikuwa na laini zao, lakini Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa na nyingi zikafia pale. Na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inauzwa upya kwa mtu mwingine, unapiga ukitegemea mhitimu wa Sosholojia anapokea mama wa Kahama anakwambia mwanangu umekosea namba. Wadada nao wameolewa wanatumia jina la mume, ukimtafuta fesibuku kwa jina la cheti humpati, na wakati mwingine simu anapokea mume mwenyewe na kabla hujamaliza kujitambulisha ameshakuuliza we nani na unamtakia nini mke wangu.

Alafu hata ukimpata mhusika, hakuamini. Kila mwenye simu nchi hii ameshapata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", kwahiyo mtu asiyemjua akianza kumuuliza anaishi wapi, anafanya kazi wapi, analipwa shilingi ngapi, anakata simu na ana haki ya kukata. Na ipo hofu nyingine kubwa zaidi ambayo wanaopanga hizi tafiti maofisini naona hawaipi uzito, nayo ni Bodi ya Mikopo. Aliyesoma kwa mkopo anajua akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na ambaye hajaajiriwa anajua deni liko palepale linamsubiri, sasa akisikia tunapiga kutoka chuoni tunaomba kujua kipato chako, akili yake inaenda moja kwa moja kwenye deni. Kuna kaka mmoja aliniambia dada andika tu sina kazi, huku nyuma yake nasikia mashine ya kuchomelea inanguruma na mtu anamuuliza bei ya geti. Yule ana karakana, pengine ana na vijana anawalipa, na kwenye ripoti ataingia kama mtu ambaye elimu yake haijamsaidia chochote.

Sasa ngoja niweke hesabu ya mfano ili wanaopanga waone ukubwa wa jambo lenyewe. Chukulia chuo kina wahitimu 1,000 wa mwaka mmoja, wakajibu 300, na katika hao 300 wenye kazi ni 240. Ripoti itaandika asilimia 80 ya wahitimu wetu wako kazini, na namba hiyo itasomwa siku ya mahafali mbele ya mgeni rasmi na wazazi watapiga makofi. Lakini kuna watu 700 hatujawasikia. Kama nusu yao ndo wana kazi, basi jumla ya wenye kazi ni 240 na 350, ambayo ni 590, asilimia 59. Kama wenye kazi kwenye hao 700 ni robo tu, unapata 415, yaani asilimia 41 na kitu. Chuo kilekile, mwaka uleule, wahitimu walewale, na hakuna aliyedanganya hata mmoja, ila kutoka 80 mpaka 41 ni tofauti ya chuo kinachojivunia na chuo kinachotakiwa kukaa chini kijiulize.

Na wale 700 hawajanyamaza kwa bahati mbaya. Aliyepo ofisini ana kompyuta, ana intaneti ya bure, ana imeli anaifungua kila asubuhi, na anafurahi kuulizwa. Ambaye yupo mtaani bando lake ni la kuhesabu na fomu ya maswali 60 ya Kiingereza hawezi kuijaza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mliopo kwenye magrupu ya WhatsApp ya madarasa mtanielewa zaidi. Mwaka wa kwanza baada ya kumaliza grupu limechangamka, kila mtu anatuma matangazo ya nafasi za kazi, alafu mmoja anapata, hongera zinamiminika, mwingine anapata, hongera, na kuna wale ambao kila hongera inawauma, sio kwa wivu, inawauma kwa sababu nyumbani wanaulizwa wenzako wameshapata wewe vipi. Siku moja unaona fulani amelefti. Hakuna anayemuuliza. Huyo ndo mhitimu ambaye utafiti unamhitaji kuliko wote, na ndo huyo ambaye kwa mpango wa sasa hatapatikana kamwe.

Kwahiyo naomba mpango uanzie chuoni, kabla mtu hajaondoka. Kila mhitimu lazima apite kliaransi, maktaba wamsainie, bweni, idara, uhasibu, na bila hiyo cheti hakitoki. Hapo hapo ongezeni karatasi moja, namba yake, namba za watu watatu ambao wakihama mtaa mzima unajua walikoenda, mama yake, shangazi, mchungaji au imamu wa kwao, na jina la kijiji na kata. Bodi ya Mikopo yenyewe inamtaka mwombaji aweke mdhamini na taarifa zake, kwanini chuo kilichokaa naye miaka mitatu au minne kishindwe? Mtu asome kabisa zitatumika kwa nini na asaini kwa hiari yake. Baada ya hapo mtumieni meseji kila mwaka, fupi tu, ya kumjulia hali na kuuliza kama namba imebadilika, msisubiri miaka mitano ndo mumkumbuke siku mnayotaka takwimu. Anayekuja kuchukua cheti au transkripti miaka miwili baadae naye aboreshewe taarifa zake palepale dirishani, maana wengi wanakuja wenyewe na hakuna anayewauliza chochote.

Kwa waliokwisha ondoka, watafuteni maCR, yaani wale wawakilishi wa madarasa. Chuo kinaweza kuwa kimempoteza mtu ila CR wa darasa anajua fulani yuko Geita machimboni, fulani karudi kwao Newala, fulani kajifungua yuko kwa mama yake. Walipwe kidogo kwa kazi hiyo, ni kazi. Ila na wao wasiachiwe kila kitu, maana CR naye anawajua zaidi marafiki zake.

Na hapa ndo penye ombi langu kubwa. Baada ya kupiga simu na kutuma meseji, wale waliobaki kimya msiwafute kwenye listi na kuwajazia wengine wanaopatikana kirahisi. Chagueni wachache kati yao kwa bahati nasibu, tuseme 60 kati ya wale 700 wa mfano wangu, alafu hao 60 watafuteni mpaka wa mwisho, kwa nauli, kwa bodaboda, kwa kugonga hodi nyumbani kwao. Hao 60 watawasemea wale 700 vizuri kuliko fomu nyingine 300 za mtandaoni kutoka kwa watu wa aina ileile. Sijaibuni hii mimi, Morris Hansen na William Hurwitz waliiandika 1946 kule Marekani, kwa dodoso zilizokuwa zinatumwa kwa posta na watu hawajibu, wakaonyesha kwamba ukienda ana kwa ana kwa sehemu ya walionyamaza unarekebisha hesabu yote. Karibu miaka themanini sasa, na gharama yake ni nauli na posho ya wadadisi wachache.

Nigusie na ile fomula ya Yamane ya kutafuta ukubwa wa sampuli, ambayo kila aliyefanya utafiti chuoni ameitumia, maana naiona kwenye kila pendekezo. Wahitimu 5,000, kosa la asilimia 5, unapata kama 370, basi watu wanatulia wanasema sampuli imepatikana. Wanasahau kwamba 370 ni wale waliojibu, sio wale uliowatumia fomu. Na wanasahau chuo kina kozi kama 40, ukigawanya 370 kwa 40 ni watu tisa kwa kozi, sasa watu tisa watakwambia nini kuhusu kozi ya Ugavi au ya Maendeleo ya Jamii, wakati lengo lenyewe la utafiti ni kurekebisha mtaala wa kozi? Kwa chuo cha ukubwa wa kawaida ni bora wafuatiliwe wote wa mwaka husika kuliko kuchukua sampuli.

Muda wa kuwauliza nao unapangwa kana kwamba kozi zote ni moja. Daktari akimaliza ana mwaka mmoja wa intaniship. Mwanasheria anayetaka uwakili anaenda kwanza Shule ya Sheria. Injinia ana ule mpango wa mafunzo kwa vitendo unaosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, miaka mitatu. Ukiwauliza hawa baada ya mwaka mmoja unauliza watu ambao bado wako njiani. Uingereza walikuwa wanauliza miezi 6 baada ya kumaliza, wakaona ni mapema, kwenye utafiti wao mpya ulioanza 2018 wakasogeza mpaka miezi 15. Italia kuna muungano wa vyuo unaitwa AlmaLaurea, wao wanauliza mwaka wa kwanza, wa tatu na wa tano. Sisi naona hiyo ya mara tatu ndo ingetufaa, na iwe kwa watu walewale, ili tuone mtu alianza na tempo ya kufundisha shule binafsi, akahamia uwakala wa fedha, akaja kuajiriwa au hakuajiriwa, hiyo safari ndo taarifa yenyewe. Na mwaka wa kumaliza uangaliwe, maana waliomaliza 2016 walikutana na ajira serikalini zimesimamishwa kwa ajili ya uhakiki wa watumishi hewa na vyeti, ukiwalinganisha tu hivihivi na waliomaliza miaka mitatu kabla yao utasema chuo kimeshuka wakati mlango ulifungwa mbele yao.

Swali la "Je, umeajiriwa? Ndiyo au Hapana" naomba liondoke kabisa. Mtu anayefuga kuku 400 atajibu hapana. Anayejitolea shule ya kata mwaka wa pili bila mshahara atajibu ndiyo kwa sababu anaona aibu. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani mtu akifanya kazi ya malipo au faida hata saa moja ndani ya wiki inayoulizwa anahesabiwa yuko kazini, ni kipimo kizuri cha kulinganisha nchi na nchi, lakini mhitimu aliyebeba mizigo sokoni Jumamosi moja akihesabiwa sawa na mhasibu wa benki hatujajifunza kitu. Muulize wiki iliyopita ulifanya nini kikakupa hela au chakula, masaa mangapi, una mkataba au huna, unachangiwa NSSF au PSSSF au hakuna, kazi uliipataje, kwa tangazo, kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira au kwa koneksheni, na ilikuchukua miezi mingapi. Kipato muulize kwa makundi, chini ya laki mbili, laki mbili mpaka nne, hivyo hivyo, msimwambie ataje mshahara kamili. Alafu muulize maswali mawili ambayo mimi nilikuwa nayauliza pembeni ya dodoso kwa sababu hayakuwemo: kitu gani ulifundishwa hujawahi kukitumia, na kitu gani umejifunzia mtaani ulitamani ungefundishwa chuoni. Hapo watu walikuwa wanafunguka, simu niliyotegemea iishe mapema inachukua nusu saa. Walinitajia kuandika mchanganuo wa biashara, kodi za TRA, kuongea na mteja, kutumia Ekseli ya ukweli na sio ya mtihani. Mengi ya hayo hayakuingia popote maana fomu haikuwa na nafasi.

Na dodoso liwe kwa Kiswahili jamani. Najua vyuo vinafundisha kwa Kiingereza, ila hapa hatumpi mtu mtihani, tunataka atuambie maisha yake, na mtu anayasema maisha yake kwa lugha anayoishi nayo.

Wapo wanaosema tuache kuhangaika na simu, tuunganishe tu mifumo, namba ya NIDA, Bodi ya Mikopo, mifuko ya hifadhi ya jamii, kompyuta itatuambia nani kaajiriwa. Kwa sehemu ni kweli, kwa ajira rasmi mifumo hiyo itasaidia sana na itapunguza gharama. Ila yule wa geti haonekani humo, wala wa kuku, wala dada anayeuza nguo kwa WhatsApp akiwa na mtoto mgongoni. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, taarifa za mtu huwezi kuzichukua huku ukazipeleka kule bila yeye kujua. Chuo kiahidi kwa maandishi kwamba majibu ya utafiti hayaendi Bodi ya Mikopo wala TRA kwa jina la mtu, na ahadi hiyo isomwe mwanzoni mwa kila simu. Siku wahitimu wakigundua imevunjwa hata mara moja, chuo hicho hakitapata jibu la kweli tena.

Kuhusu waajiri niseme kidogo tu. Mnakumbuka 2014 zilizunguka sana magazetini takwimu zilizohusishwa na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, kwamba zaidi ya nusu ya wahitimu wa nchi zetu hawajaiva kwa kazi. Hayo ni maoni ya upande wa waajiri, na waajiri waulizwe, ni haki yao. Lakini mwajiri anamjua yule tu aliyefika kwake, yule ambaye barua zake za maombi hazikujibiwa hamjui, kwahiyo maneno ya mwajiri yasichukue nafasi ya maneno ya mhitimu mwenyewe.

Majibu yakipatikana yatolewe nje. Mtoto wa kidato cha sita anapochagua kozi anaona sifa za kujiunga na ada, haoni waliosoma kozi hiyo miaka mitano iliyopita wako wapi. Wekeni pale kwenye mwongozo wa udahili, kozi kwa kozi, pamoja na idadi ya waliotafutwa na idadi ya waliopatikana, hiyo namba ya pili isifichwe hata kama inatia aibu. Wazazi wanauza shamba, wanauza ng'ombe kwa ajili ya hizi kozi, wana haki ya kuona.

Mahafali mengi yanakuja mwisho wa mwaka, kliaransi zinaanza kabla ya hapo, kwahiyo hiyo karatasi ya namba za watu watatu inaweza kuanza msimu huu huu bila kusubiri mfadhili wala mshauri mwelekezi. Na wewe mhitimu mwenzangu unayesoma hapa, ukipigiwa simu ukaambiwa ni utafiti wa chuo, usimwamini mtu haraka, muulize jina lake na ofisi iliyomtuma, kata simu, piga namba ya chuo uthibitishe, alafu mpigie umjibu ukweli wote, hata kama unachofanya leo sio ulichosomea.

Mwalimu na mdadisi,
Morogoro